Antena ya Mkunga

Mke wangu ni mkunga, na mimi ni mtu wa pupa. Majirani zetu wa Mangobo husema Mungu alitupima vizuri kabla ya kutuunganisha. Mwaka ule alikuwa anamaliza masomo yake kwa njia ya mtandao, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa mdomo mbele ya walimu walioko Kinshasa. Mara ya kwanza aliufanya kwa simu, mtandao ukakatika akiwa katikati ya jibu, wakamwandikia ameshindwa. Nafasi ya pili ilikuwa ya mwisho. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Yeye alifua nguo.

Nyumbani tulikuwa na kompyuta ya mezani, kubwa na kuukuu, isiyojua wifi ni nini. Dada yake, tunayepakana naye ua, alikuwa na modemu nzuri. Basi tukapanda pikipiki mpaka mjini kutafuta kifaa cha kuifanya mashine yetu idake mtandao wa shemeji yangu.

Muuzaji alitupangia vitatu: kimoja kidogo kama ukucha, cha kuchomeka tu, kingine kadi ya kufungwa ndani ya mashine, yenye antena tatu za kutokea nyuma, na cha tatu chenye antena moja na waya mrefu. Mimi macho yalienda kwenye zile antena tatu. Mpenda makubwa haulizi.

"Mama, hii ya ndani njo ya nguvu," muuzaji alisema. "Inakamata mpaka kule Banalia!"

"Inakamata, bon," mke wangu alijibu. "Lakini haiachilie?"

Muuzaji akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Mke wangu ametoka kwenye familia ya wavuvi wa Isangi, na kwao ndoano inayodaka na kuachia ni mbaya kuliko isiyodaka kabisa. Akaniuliza mimi sasa: "Papa, nyuma ya ordinateur yetu kuko nini?"

Nikafikiri. Nyuma ya kompyuta kuna ukuta wa mabati tuliotumia kugawa chumba.

"Alors, antenne tatu zitaongea na mabati?" Akakishika kile chenye waya. "Papa yangu mwenye kunizaa alikuwa anaweka mutego pale fasi samaki inapitia, si pale fasi kiti yake iko. Hii itakaa kwa dirisha."

Nilitaka kulipa tuondoke. Yeye akamwomba muuzaji akichomeke kwanza kwenye mashine yake, aone kama kinatambuliwa bila kuomba programu nyingine. Kikatambuliwa. Nilisimama pale nikiwa nimenuna, lakini moyoni nikimwonea fahari, na nadhani aliijua fahari ile kwa sababu alinibana mkono.

Siku ya mtihani kifaa kilikuwa dirishani, kimefungwa na kipande cha kitenge, kinatazama ua wa dada yake. Nilikaa kwenye kigoda pembeni, kamera isinione, nimekikodolea macho kioo cha kompyuta kama mlinzi. Walimu walionekana wazi. Aliuliza mmoja, mke wangu akajibu. Akauliza mwingine, akajibu. Kisha mwalimu mwanamke akamwuliza: mama anavuja damu, hospitali iko mbali, mtumbwi haujafika, utaanza na nini?

Pale kwenye kioo uso wa mke wangu haukusogea. Sauti haikutoka. Nikajua: mtandao umekatika, kama mara ile. Nikaruka kutoka kwenye kigoda, nikaukamata ule waya dirishani, tayari kuuchomoa na kuuchomeka upya.

Akainua mkono wake mmoja, bila kunitazama.

"Papa, acha. Niko nafikiri."

Kule Kinshasa nao wakacheka kidogo. Kisha akaanza kujibu, taratibu, kuanzia kile ambacho mikono yake mwenyewe ingefanya, na hakuna aliyemkatiza mpaka alipomaliza.