Blanketi la Fundi Vigae

Mume wangu ametandaza vigae katika nusu ya mabafu ya mji huu, na magoti yake ndiyo yaliyolipia. Siku daktari alipomwambia kupiga magoti sasa basi, alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi, akawa kochi. Nikimwuliza anakunywa chai au maji, anajibu, "Chochote." Mtu aliyekuwa akigombana na saidia fundi kwa kigae kilichoenda upande unene wa ukucha, sasa hagombani hata na mimi. Niliogopa, nasema kweli. Ugomvi wake nilikuwa nimeuzoea.

Ndipo binti yetu, mimba imeshakuwa kubwa, akatutania kwamba mama anamfumia mjukuu kofia, je, baba? Mzee akajibu, "Blanketi." Nikadhani mzaha. Kesho yake akaniomba nimfundishe kroshia.

Mimi nafuma vitambaa vya makochi tangu usichana wangu, na sipimi. Nafunga fundo, mkono unakwenda, kikitosha kimetosha. Yeye alimaliza wiki nzima bila kugusa uzi. Alichana mfuko wa saruji, akachora blanketi upande wa ndani, miraba ya bluu na njano, akianzia katikati kwenda nje ili pembeni kisibaki kipande cha kukata.

"Baba, uzi haukatwi kama kigae," nikamwambia.

"Ndiyo maana napanga."

Tena akaongeza vipande vya ziada, vya kufidia vitakavyovunjika. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dukani alimtoa jasho muuza nyuzi: kila donge la bluu liwe na namba moja ya rangi, maana mzigo huu na mzigo ule haifanani. Nilitaka kumcheka tena, nikakumbuka kitambaa changu kimoja kilichoanza na krimu hii kikaishia na krimu ile.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Vidole vyake vinene vilivuta uzi kwa nguvu, na kipande cha kwanza kilitoka kigumu, ungeweza kusugulia sufuria. Hakukata tamaa. Alifuma barazani, alifuma redio ikisema, mpaka kikapu kikajaa. Kisha akatoa futi yake akapima. Hakuna viwili vilivyolingana. Vya mwanzo vilikuwa vidogo, vya mwisho vipana, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshalegea.

"Vigae vinatoka kiwandani vimelingana," akasema. "Hapa kiwanda ni mimi, na ni kibovu." Akaiweka sindano mezani, akarudi kwenye kochi.

Roho iliniuma. Ningeweza kuvifumua vile vidogo na kuvifuma upya mwenyewe, lakini blanketi lingekuwa langu, na yeye angebaki pale pale alipokaa. Nikamkazia sauti.

"Ukikuta ukuta wa mtu umepinda, ulikuwa unaacha kazi?"

"Unaacha vipi? Unauficha kwenye nafasi za kati ya vigae. Huku unapanua, huku unabana, unajaza saruji nyeupe, hakuna anayejua." Akakitazama kikapu. "Una uzi mweupe?"

Nilikuwa nao. Kila kipande akakizungushia ukingo mweupe, mpana kwa vidogo, mwembamba kwa vikubwa, akipima futi mkononi na kunung'unika peke yake. Vyote vikawa sawa. Ikabaki kuvipanga kabla ya kuunganisha. Meza ilikuwa ndogo, na kitanda alikikataa kwa sababu godoro linabonyea. Akaitazama sakafu, kisha akayatazama magoti yake.

Nikachukua kikapu, nikapandisha gauni, nikapiga magoti mimi.

"Anzia katikati," akasema. "Bluu. Sasa njano kushoto kwake. Sogeza kidogo. Siyo hivyo, mama, umezidisha, macho umeyaacha wapi? Rudisha."

Alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, penseli sikioni, akinigombeza kama saidia fundi wa siku ya kwanza. Simenti ilikuwa inaniumiza magoti. Nikakirudisha kile kipande mahali pake, halafu kilichofuata nikakiweka upande makusudi, ili aendelee.