Siku Zahanati Ilipofungwa Ili Ifunguliwe

Habari za kifo chake nilizipata redioni, katika matangazo ya vifo yanayosomwa mchana. Mtangazaji alianza na waume wa dada zake, mmoja afisa wa bandari na mwingine meneja wa benki, kisha akamtaja binamu aliyeko ng'ambo na mjomba aliyewahi kuwa diwani. Zamu ya marehemu mwenyewe ilipofika, ilisemwa tu kuwa alikuwa mfanyakazi wa serikali, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, na atazikwa Jumamosi nyumbani kwao, nje kidogo ya Kehancha. Baadaye likafuata tangazo la biashara ya mabati. Mke wangu aliniuliza mbona nimesimama na kikombe mkononi, nikamwambia amekufa yule nesi. Hakuniuliza nesi gani.

Wasomaji wangu wa kawaida wanajua kwamba kabla ya kuanza kuandika safu hii nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa ziwani, mbele ya Sindo. Miaka ya tisini ilikuwa inaanza. Wananchi wa pale walikuwa wamejijengea zahanati kwa harambee. Wanawake walibeba mawe kichwani kutoka kilimani na maji kwa ndoo kutoka ziwani, na wanaume walichanga samaki, mbuzi na maneno mengi. Jengo lilipokwisha lilipakwa rangi nyeupe na buluu, likawekewa vitanda na kabati la dawa, kisha likafungwa. Labda msomaji wa mbali atashangaa kwa nini lilifungwa, kwa hiyo nieleze. Kwetu, jengo la umma lilikuwa halijazaliwa mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Kuingia ndani kabla yake kungekuwa kumvunjia heshima, na mtu mkubwa akivunjiwa heshima huenda asikumbuke njia ya kwenu tena. Basi tukafunga utepe mwekundu kwenye mlango wa mbele, tukamnunua fahali wa karamu, tukangoja. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba tulingoja kwa utaratibu mzuri sana.

Katikati ya kungoja huko ndipo alipofika, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ameshika barua ya kupangiwa kazi na begi moja. Alikuwa Mkuria, hakujua Kiluo, kwa hiyo wote tulilazimika kuzungumza naye Kiswahili, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Wanawake walimpachika jina la Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa kumpenda. Mwenyekiti wetu, mzee mpole aliyevaa koti hata jua likiwa kali, alimtembeza akamwonyesha jengo kupitia dirishani.

"Karibu sana, sista. Hii ndiyo zahanati yako."

"Asante, mzee. Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo ninao hapa mfukoni. Shida si ufunguo, shida ni mgeni rasmi. Bado yuko Nairobi."

"Pole. Ni mgonjwa?"

"Hapana! Huyo ni mzima kabisa."

"Basi kama ni mzima," nesi akasema, "zahanati anaitakia nini?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa, lakini hakutoa ufunguo. Kesho yake nesi aliweka meza yake barazani, akaanza kupima watoto. Ilibidi kamati ikutane kujadili kama baraza ni ndani ya jengo au ni nje. Mjadala ulichukua alasiri nzima. Kuna waliosema baraza liko chini ya bati, kwa hiyo ni ndani, na wengine wakasema utepe uko mlangoni, kwa hiyo yote yaliyo upande huu wa utepe ni nje. Walioshinda ni wa pili. Mvua zilipoanza na chanjo zikawa hatarini kulowa, nesi alimfuata mwenyekiti nyumbani, akamkumbusha kwa adabu kwamba jengo lina mlango wa nyuma, na mlango huo haukuwa na utepe. "Mgeni wenu atafungua wa mbele, mzee. Mimi huo sitaugusa hata kwa kidole." Mzee alifikiri, akauliza kama wagonjwa watapita kimyakimya. Tangu hapo zahanati yetu ikawa inatibu watu kwa mlango wa nyuma, huku mbele ikiwa bado haijafunguliwa. Utepe ulipauka kwa jua, tukaubadilisha. Fahali alizeeka, tukambadilisha pia.

Tusiwacheke sana watu wale, maana nilikuwa mmoja wao na bado sioni kama tulikuwa wajinga. Serikali ilikuwa mbali nasi. Dawa, daktari na barabara vilitufikia kama zawadi, tena mara chache, na mtu akipewa zawadi huwa hamwulizi mwenye kuitoa mbona amechelewa. Anasafisha uwanja tu na kuandaa nyimbo. Tulisahau kwamba mawe tuliyabeba wenyewe. Mjini watu hulalamika foleni ya hospitali ikiwa ndefu. Sisi tulikuwa tukishukuru kwa kuonyeshwa hospitali dirishani. Nadhani tofauti ya afya kati ya mjini na kijijini huanzia hapo, kabla hata ya kuhesabu vitanda: huanzia kwenye yale ambayo kila upande umezoea kuyadai.

Hatimaye tarehe ikaja na haikuahirishwa. Kanisani Jumapili ilitangazwa kwamba wagonjwa wasije siku hiyo, kwa sababu zahanati itafungwa ili ifunguliwe. Hakuna aliyecheka. Nesi aliyapokea hayo kwa utulivu, akawaambia watu wenye homa waje siku moja kabla. Lakini siku hiyo moja kabla, mchana, aliletwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Alikuwa mke wa mtoto wa mwenyekiti. Alijifungua salama mtoto wa kiume, kisha akaanza kutoka damu nyingi. Nesi alimdunga sindano, akamwekea maji ya mshipa, damu ikapungua bila kukoma. Alituambia waziwazi kwamba dawa aliyo nayo haitoshi, kwamba mama huyu anahitaji kuongezewa damu katika hospitali ya Homa Bay, na kwamba asipofika huko kufikia kesho jioni tutamzika. Mumewe alikwenda Sindo kutafuta gari. Alirudi asubuhi kwa miguu, peke yake.

Kwa hiyo siku ya sherehe ilipambazuka tukiwa na mahema, kwaya, fahali aliyekwisha chinjwa, na mgonjwa ndani ya jengo ambalo rasmi hakuna aliyewahi kuingia. Kamati ilihangaika. Mmoja wetu alishauri mama ahamishiwe nyumba ya jirani kwa muda wa hotuba tu. Nesi alisimama kwenye mlango wa nyuma, mikono kiunoni.

"Mkimwinua, damu itafunguka. Ni nani atakayembeba? Wewe?"

"Sista, tuelewe. Mgeni anafungua nyumba mpya, anakuta mtu amelala ndani?"

"Kwani zahanati mliijenga mtu alale wapi?"

"Ongea na mzee basi, huyu ni wa boma lake."

Hapo pakawa na ugumu mwingine. Kwa desturi ya Wajaluo, baba mkwe hasogelei mahali alipolala mke wa mwanawe, sembuse aliyejifungua jana. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbali, chini ya hema, ametupa mgongo kabisa, na maneno yake yalifikishwa na bibi mmoja aliyekuwa akienda na kurudi. Aliulizwa: mkwe wako aondolewe? Bibi alirudi anahema. "Mzee anasema hawezi kusema lolote juu ya kitanda cha mkwe wake. Anasema sista afanye anavyoona." Sijui kama ilikuwa heshima au werevu, ila sijawahi kuona desturi ikifanya kazi nzuri kuliko siku ile. Nesi aliingia ndani, akafunga mlango.

Mgeni rasmi alifika na msururu wa magari saa saba mchana, akakata utepe, akasukuma mlango wa mbele, watu wa picha nyuma yake. Alimkuta nesi amesimama kando ya kitanda akiwa na sare iliyopigwa pasi, na mama mwenye midomo myeupe amelala na mtoto kifuani. Kamati nzima tulitazama sakafu.

"Karibu, mheshimiwa," nesi akasema. "Huyu ndiye mgonjwa wako wa kwanza. Amekusubiri tangu jana. Anahitaji damu Homa Bay, na gari lako ndilo tulilomwomba Mungu alilete."

Mheshimiwa alimtazama mama, akatazama kamera, akatazama umati uliojaa dirishani. Kisha akageuka na kuagiza lile gari kubwa lililoleta soda litolewe kreti zote, liwekwe godoro. Mama alipotolewa kwa mlango wa mbele, vigelegele vilivuma mpaka ziwani, na mwenyekiti, aliyekuwa kwenye kipaza sauti, ilimbidi amalizie neno lake la shukrani akiwa ameupa umati kisogo. Katika hotuba yake mgeni alisema sote tumejionea jinsi huduma ilivyotufikia bila hata dakika moja ya kuchelewa. Tulipiga makofi.

Jioni nilimwuliza nesi kama hakuona uchungu sifa zote kwenda kwa yule bwana. Alikuwa akikunja mashuka.

"Mwalimu, mwacheni nazo. Nyinyi mlimngoja, na mimi nilimngoja. Ila mimi nilikuwa nangoja gari."

Mama yule alipona. Nilikutana naye sokoni juzi, akiuza dagaa wa omena, akaniambia amekwisha sikia tangazo la redio na Jumamosi atakwenda Kehancha, aalikwe asialikwe. Na wewe kijana uliyepangiwa kituo cha mbali mwaka huu, ambaye unasoma haya ukiwa na barua mfukoni na moyo mzito, usiogope. Utakuta kamati, utepe, na mzee mwenye ufunguo. Waheshimu, maana jengo ni jasho lao. Lakini wao wakiwa wanamtazama mgeni, wewe mtazame mgonjwa, na gari linapoingia uwe umekwisha jua utaomba nini.