Zaburi Iliyofungua Kiboksi cha Robinson

Robinson, fundi wa Wi-Fi hapa kwetu Nyalenda, hajui kuketi. Ukimpa stuli anaegemea mlango, macho kwenye nyaya. Karibu kila ploti ina kiboksi cha intaneti alichokipigilia yeye ukutani, na watu wakienda sokoni humwachia ufunguo.

Wiki jana jirani yangu, Mama Seline, alitaka kubadilisha neno la siri. Robinson alimwambia aweke refu, wezi wasibahatishe. Mama akaandika Zaburi nzima. Taa za kiboksi zikazimika, zikawaka, na ukurasa wa mipangilio ukafunguka wenyewe bila kuuliza neno lolote.

Robinson akaijaribu Zaburi ile ile kwenye kiboksi changu. Kikafunguka pia. Akaanza kutembea uani, huku na huku.

"Kwa hivyo neno la Mungu limeharibu mashine, wuoda, mwanangu?" Mama Seline akamuuliza.

"Zaburi haina makosa, mama. Si unajua gorogoro, lile kopo la kupimia omena sokoni? Ukizidisha, inamwagikia ya jirani. Hiki hakipimi kabla ya kupokea. Maneno yakizidi yanamwagikia pale maagizo yake yanakaa, yanayafunika. Mwizi akijua, atamwaga maagizo yake, na kiboksi kitamtii yeye."

"Na ni wewe ulituwekea."

"Ni mimi."

Akawapigia waliomuuzia. Wakasema aina hiyo ni ya zamani, marekebisho hayatengenezwi tena.

Angenyamaza, sisi tungejuaje? Lakini asubuhi alikuja na gunia, akapita mlango kwa mlango akieleza na kung'oa viboksi. Nikiwa nafua nepi nilisikia mtu akimwambia, "Ulituwekea mlango wa mwizi, na ufunguo wangu unao. Rudisha." Akaurudisha. Mwingine naye akadai wake.

Alipofika kwangu alisimama tu. Mume wangu, Okello, yuko Usenge kwa kazi ya samaki, na jioni humwona mtoto kwa simu kupitia kiboksi hicho.

"Baba Sylvia atamwonaje mtoto?" nikauliza.

"Nitatafuta vingine."

"Lini?"

Akakitazama kiboksi ukutani, asikiguse. Nikamhamisha mtoto mkono wa kushoto, nikachomoa waya mwenyewe, nikakitia guniani.

Mama Seline akapita na beseni lake kichwani.

"Robinson, naenda soko. Shika ufunguo. Na usinigusie uji."

Akaupokea kwa mikono miwili. Nikamsogezea stuli, lakini alikuwa ameshageukia ploti ya pili.