Makufuli sabini na mawili ya Mama Komeo

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Komeo anasimama mbele ya mlango usio wake, mkononi ana funguo tisa za milango mingine zilizotungwa kwenye waya. Mwenye chumba, mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni, amesimama pembeni na mikono kiunoni. Hajafurahi hata kidogo.

"Fundi, yaani unataka kufungua mlango wangu kwa funguo za watu wengine?"

"Nataka zisiufungue, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja mchana kweupe, na wewe mwenyewe upo."

Ufunguo wa kwanza unaingia na kugoma. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu hauingii kabisa. Wa sita unazunguka taratibu, bila kusukumwa, na kufuli linaachia.

"Haa!" Mama mtoto anakimbilia ndani kukagua vitu vyake: jiko la gesi, televisheni ndogo, sanduku la nguo. Vyote vipo. Nje, Mama Komeo amejiinamia kwenye kizingiti, anaandika kwenye daftari la shule lenye jalada lililochanika. Hilo ni kufuli la thelathini na mbili analolijaribu, na ni la kumi na nne kufunguka kwa ufunguo usio wake.

Kati ya makufuli sabini na mawili aliyoyafunga kwa mikono yake mwaka jana, bado arobaini hajayagusa. Anataka kuyafikia kabla hajayafikia mtu mwingine. Hana haja nyingine siku hizi, na ukimwona alivyokonda utaamini.

Jina la Mama Komeo alipewa na wapangaji. Ana miaka hamsini na miwili, mwili mdogo, viganja vigumu, na mdomo uliokuwa hauishi utani. Kwa miaka kumi na moja aliuza katika duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya kaunta, kati ya misumari na rangi. Mwenye duka alimfundisha vitasa na makufuli siku ambazo wateja hawapo. Duka lilipofungwa, mafao yake yalikuwa bisibisi mbili, tindo, na ujuzi.

Akaona pengo. Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe hujiwekea nondo madirishani na mlango wa chuma. Mpangaji afanye nini? Mkataba unamwambia asitoboe ukuta, asiguse mlango, na akiondoka aache chumba kama alivyokikuta. Akiibiwa, mwenye nyumba humpa pole, tena kwa simu.

"Mpangaji analala nyumba ya mtu, lakini mwizi anayeingia ni wa kwake peke yake," anasema.

Basi akabuni njia yake. Kila mlango wa kupanga una makovu: matundu ya skrubu yaliyoachwa na waliohama. Mama Komeo hapigi tundu jipya hata moja. Hupima makovu yale, akachonga bamba la chuma linaloyafuata, akapitisha nati, akatundika komeo na kufuli. Mpangaji akihama, anafungua nati nne na kuondoka na ulinzi wake. Dirisha la kusukuma hulikatia kijiti cha mbao kinachokaa kwenye reli lisisukumike. Nyuma ya mlango hutundika kopo lenye vijiwe, likiguswa linapiga kelele mpaka jirani wa tatu anaamka.

"King'ora cha akina sisi," alikuwa akiwaambia wateja. "Hakitaki umeme, hakitaki vocha."

Vyote hivyo kwa bei isiyozidi kilo mbili za sukari. Kwa miaka tisa alifunga milango mitano, sita kwa siku. Watu walimwamini kuliko wenye nyumba wao, na ndicho kinachomtafuna leo.

Makufuli ya bei nafuu yana siri ambayo kila fundi anaijua na wateja wengi hawaijui. Kiwanda hakichongi meno mapya kwa kila ufunguo. Huchonga aina chache, kisha hurudia. Ukinunua mzigo mmoja, ndani yake mna mapacha, na pengine watoto wanne wa tumbo moja.

Kwa hiyo Mama Komeo alikuwa na desturi. Alinunua makufuli kutoka maduka manne tofauti, akayachanganya kwenye ndoo, kisha akakaa na kuyakutanisha: kila ufunguo unajaribiwa kwenye kila kufuli, na yanayofanana yanapelekwa mitaa tofauti. Kwa makufuli kumi na mawili, kazi hiyo humla nusu siku. Hakuna mteja aliyewahi kuiona, wala hakuna aliyewahi kuilipia.

Mwaka jana, baada ya wizi wa mfululizo, wapangaji wa nyumba tatu zinazopakana waliamua kujifunga wote kwa pamoja. Vyumba sabini na viwili. Walitaka bei ipungue, na walitaka kazi iishe kabla ya likizo, watu wasafiri kwao na mioyo iliyotulia. Mama Komeo akaenda duka la jumla, akabeba mzigo mmoja, dazeni sita. Bei ilipungua kweli.

"Nilijiambia nitayakutanisha Alhamisi," anasema. "Alhamisi nikafunga milango kumi na tisa. Ijumaa kumi na saba. Jumamosi watu walikuwa wananiimbia. Nani anakumbuka kuyakutanisha wakati anaimbiwa?"

Kisha ananiongezea kwa sauti ndogo, "Nilikumbuka. Usiandike kwamba nilisahau. Nilikumbuka, nikapuuza."

Miezi minne baadaye, mshonaji wa chumba cha tisa alirudi kutoka kupeleka nguo za wateja. Akafungua kufuli lake kwa ufunguo wake, lilikuwa limefungwa vizuri, likining'inia mahali pake. Ndani, cherehani hakuna. Vitambaa vya sare za shule, mali ya watu, hakuna.

Mlango haukuvunjwa, na dirisha lilikuwa na kijiti chake. Funguo zilikuwa mbili tu duniani, mmoja wake, mwingine wa binti yake wa miaka kumi na tisa. Majirani walijaa uani, na kila mmoja alipiga hesabu ile ile.

Mshonaji alimwita fundi mwenyewe atoe ushahidi. Mama Komeo akaja, akalikagua kufuli, akasema maneno ambayo angelipa chochote ayarudishe: "Kufuli hili halijachezewa. Limefunguliwa kwa ufunguo wake."

Binti alilia, akaapa, akapiga magoti. Mama yake akamtolea mfuko wa nguo nje. Tangu siku ile simu ya binti haipatikani.

Ukweli ulikuja wiki saba baadaye, tena kwa kichekesho. Siku ya mvua kubwa, jirani wa chumba cha kumi na moja, anayepaka rangi magari, alikimbia kutoka barabarani kichwa chini, akafungua mlango, akaketi na kuvua viatu. Alipoinua macho akaona magauni yamepangwa ukutani. Alikuwa kwenye chumba cha mshonaji. Ufunguo wake ulikuwa umemfungulia bila hata kumuuliza jina.

Watu walitaka kumpiga. Aliponea kwa kuwa wiki ya wizi alikuwa kitandani hospitalini. Kisha mmoja akajaribu wake, na mwingine wake. Kabla mvua haijakatika, funguo tatu zilikuwa zimefungua mlango wa mshonaji, na hakuna aliyejua ni nani mwingine aliyewahi kuligundua hilo akanyamaza.

Mama Komeo alipopelekewa habari alikuwa anakula. Mdogo wake, anayeishi naye chumba kimoja, anasema aliweka kijiko chini na tangu hapo hali ipasavyo.

"Namwambia dada, maji yakimwagika hayazoleki. Aache. Ananijibu, 'Mimi sizoi, mimi nafuta sakafu mtu mwingine asiteleze.' Sasa utamfanyaje?"

Kufuta sakafu kwenyewe ni kugumu. Akitangaza hadharani kwamba makufuli yale yanafanana, amewaambia na wezi. Akinyamaza, watu wanaendelea kulala nyuma ya uongo aliowauzia yeye. Kwa hiyo anakwenda mlango hadi mlango, kwa sauti ya chini, akiomba ruhusa ya kujaribu. Kufuli likigoma, linabaki. Likifunguka, analibadilisha kwa jingine zuri, bure. Ili kuyanunua hayo mazuri ameuza keekee yake ya umeme, mashine aliyoitumia kutoboa mabamba. Siku hizi anatoboa kwa msumari na nyundo, na mteja mpya akipatikana kwa wiki ni bahati.

Baadhi ya milango hufungwa usoni pake. "Ulikuja kutufunga, sasa umekuja kutufungua?" mzee mmoja alimwambia. Msimamizi wa nyumba ya pili alimpiga marufuku kwa wiki mbili. Kuna aliyemtemea mate karibu na viatu na kumwambia kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Hakubisha. Aliniambia methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa anamwona.

Na kuna kumi na tisa ambao hakuna mlango wa kuwabishia hodi. Hao wamehama. Walifungua nati nne kama alivyowafundisha, wakaondoka na kufuli mfukoni. Katika daftari lake wamebaki kuwa maelezo mafupi: muuza viatu, mwenye mapacha, yule wa redio kubwa.

Nilimtafuta mshonaji. Sasa anashona kwa mkono, vifungo na pindo, kazi ndogondogo. Ana kufuli jipya la Mama Komeo, zito, na hatoki nyumbani.

"Simchukii fundi," alisema bila kuinua macho. "Yeye alisema kuhusu kufuli. Aliyesema kuhusu mwanangu ni mimi. Nilimwambia umeniua. Mtoto alikuwa anatetemeka, nikaona ni hatia inatetemeka."

Akashona kidogo. "Kila anayepita namuuliza. Wengine wanasema wamemwona, wananionea huruma tu."

Nikarudi kwa Mama Komeo. Asubuhi ile ile ya mama mwenye mtoto, baada ya kuweka kufuli jipya, alivuka ua hadi nyumba ya tatu, chumba cha mwisho karibu na mabafu. Mpangaji, mpishi wa shule, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anafua aproni zake. Alimsikiliza, akacheka.

"Jaribu, dada yangu. Mimi sina cha kuibiwa. Kilichokuwepo kilishaondoka."

Ufunguo wa kwanza ukafungua.

Mpishi aliacha kufua. Povu lilikuwa likimchuruzika hadi kwenye viwiko. "Rudia," akasema. Mama Komeo akafunga, akafungua tena.

"Hilo lina muda gani liko hivyo?"

"Tangu siku niliyoliweka, kaka."

"Tangu siku uliyoliweka." Akajifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole. "Mimi nilikuwa naishi na mdogo wangu hapa. Ilipotea simu yangu na fedha za ada yake mwenyewe, fedha zake! Nikamwambia umejiibia ukanywee. Akaapa kwa kaburi la mama yetu. Nikamwambia usimsumbue marehemu."

Mama Komeo alikuwa ameshikilia fremu ya mlango.

"Yuko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Kama ningejua ningekuwa nimesimama hapa?" Mpishi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama mlango wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Niliona mlango mzima, kufuli zima. Nikasema fundi yule hakosei. Ni yeye huyu tu ndani ya nyumba."

Mama Komeo alibadilisha kufuli. Nati moja ilimponyoka mara mbili. Alipomaliza, alilijaribu kwa funguo zote tisa, zikagoma zote, kisha akampa mpishi funguo mbili mpya.

Mpishi alichukua mmoja. Wa pili aliuacha kwenye kiganja cha fundi.

"Huo nimpe nani?"

Mama Komeo aliuweka ule ufunguo juu ya kizingiti, akachukua mfuko wake, akatoka. Alipofika barabarani alilia bila kujificha, watu wakipita na vikapu vyao, na mimi niliyekuja kumwandika sikujua pa kuweka kalamu.

Baadaye, alipoweza kusema, nilimuuliza anatumaini nini. Nilitegemea aseme atafungua duka, au atapata mtaji, kama wanavyosema wengi ninaowahoji. Mama Komeo alifungua daftari na kuweka alama kwenye chumba cha mpishi. Makufuli thelathini na tatu, kumi na tano yamefunguka. Bado ishirini anaojua waliko, na kumi na tisa asiowajua.

"Nilidhani naogopa wezi," alisema. "Kumbe cherehani inanunulika, simu inanunulika. Naogopa ninapouliza, 'Je, kuna kitu kilipotea?' halafu mtu anataja jina la ndugu yake."

Ana mpango. Kesho atapita milango minne ya ua wa kwanza, keshokutwa mitano. Wale kumi na tisa anaomba wasikie kwa njia yoyote, na mtu yeyote aliyemfukuza ndugu yake kwa sababu ya mlango usiovunjwa aje amwone fundi mwenyewe kabla hajamhukumu ndugu huyo zaidi. Hatamuuliza anatoka wapi.

"Na hiyo milango iliyobaki?"

Alizishika funguo tisa kwenye waya, akazitazama.

"Nitakwenda yote. Fundi mzima naomba funguo zangu zigome."