Hospitali Ilivujisha Jina Langu, Lakini Ugonjwa Haukuwa Wangu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa ukurasa huu, na kwa wasio wa kanisa letu, habari za leo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane wa mwaka wa tano sasa, elimu yangu darasa la saba, nashona sare za shule hapa Majengo, Songea. Nimewasoma muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu ikifika Jumatatu natakiwa niwe nimesaini karatasi moja kati ya mbili, na sijui ipi.

Nina kadi ya bima ya afya niliyoipata kupitia mwanangu, mwalimu huko Mpitimbi. Mwaka jana wakati wa palizi, asubuhi moja, wifi yangu, yaani mdogo wake marehemu mume wangu, aliingia kwangu amejifunga vitenge viwili na damu bado inashuka mpaka kwenye kandambili. Mimba ilikuwa inaharibika. Mumewe yuko machimboni Tunduru na alikuwa hajarudi tangu mavuno, kwa hiyo mimba haikuwa yake. Hilo nililijua bila kuuliza, na sikuuliza. Akaniambia, "Wifi, usinipeleke kwa jina langu." Nikampa kadi yangu. Kwenye hospitali moja ya binafsi hapa mjini dada wa mapokezi aliangalia kadi, sura hakuiangalia. Wifi akasafishwa, nikamrudisha kwangu nikampikia uji wa ulezi, yakaisha. Nilijua kuazimana kadi ni kosa. Nilijiambia Mungu ataelewa.

Mwezi uliopita mfanyakazi wa hospitali ile alitaka kumtumia mwenzake orodha ya madai ya bima, akakosea, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya sendoff ya binti wa watu. Alipoifuta ilikuwa imeshasambaa mji mzima. Majina, namba za simu, tarehe, na kila mtu alichotibiwa. Kwenye mstari wangu wameandika nilisafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika. Mimi, mjane.

Sokoni mama muuza dagaa aliniuliza mbele ya wateja, "Dada, tukupe pole au hongera?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, sijui kwa nini, nikachukua dagaa wangu nikaondoka. Mwanangu akapiga simu. "Mama, ni kweli?" Nikamuuliza kama amekula. Akasema, "Basi, mama, pumzika." Hajapiga tena.

Jumamosi kwenye sala ya jumuiya yetu ya mtaa, mwenyekiti wetu akasema kwa upole kabisa, "Mama, kwa sasa pumzika kuongoza rozari, mpaka maneno yapoe." Nimeongoza rozari ile tangu mume wangu yuko hai. Wifi alikuwa amekaa karibu yangu kwenye mkeka, rozari mkononi. Nikamwangalia. Akasema, "Hata mimi naona apumzike." Ndugu zangu, sikulia. Sikukasirika hata. Nilikuwa naangalia uzi mwekundu wa ule mkeka, naufuata unapoingia na unapotokea, mpaka sala ikaisha nikasikia watu wanaitikia amina.

Sasa hospitali imetuita wote tuliotajwa, ikatupa barua ya kuomba radhi. Ukisaini, umesamehe na hutadai tena, na mwisho wa kuirudisha ni Jumatatu. Wenzangu hawataki. Wanataka tulalamike kwa pamoja, na wanasema jina langu litangulie kwa sababu mimi ndiye niliyeumia zaidi. Nikaenda kwa binti mmoja msaidizi wa kisheria anayekaa ofisi ya kata.

"Shikamoo mama. Hiyo barua usiisaini kwa haraka," akaniambia. "Mnaweza kuwaandikia hospitali wawaeleze kwa maandishi kilichotokea. Mnaweza kupeleka malalamiko kwenye tume ya serikali inayolinda taarifa za watu. Na fidia mnaweza kudai. Ila kote huko utaeleza kilichovuja, na kwamba kinakuhusu wewe."

"Na kama hakinihusu?"

Akaacha kuandika. "Kwa nini kisikuhusu, mama?"

Nikasema nauliza tu. Akaniangalia, akasema kama kuna jambo nimweleze kabla sijaandika chochote. Nikaaga, nikachukua fomu ya malalamiko.

Nilimpelekea wifi ile fomu aione. Aliisoma yote, amesimama mlangoni. "Wifi, ukienda huko mimi nimekufa," akasema. "Wewe huna mume wa kukufukuza."

Nikamwambia, "Kweli, sina." Nikarudi kwenye cherehani. Siku hiyo nilimaliza sare sita, sikumbuki hata moja.

Nikisaini barua ya hospitali, ni kama nimekubali kwamba yale ni yangu, na yataendelea kuwa yangu mpaka nazikwa. Nikijaza fomu nikaandika kwamba ni yangu, nimesema uongo mbele ya sheria. Nikiandika ukweli, ndoa ya wifi imekwisha, na kadi niliyoazimisha ilitoka kwa mwanangu, sijui kazini kwake watamfanya nini. Komunyo sijapokea tangu siku ile ya mkeka. Napanga foleni na wenzangu, nikikaribia nageuka.

Mnaojua sheria, naomba mniambie: kuna njia ya mtu kudai jina lake lirudi safi bila kulitaja la mwingine? Na kwa ile kadi, nikijisema mwenyewe kwanza, mwanangu atapona? Na nyie kina mama wenzangu, nishikeni mkono, mngekuwa nyie mngesaini ipi?

Jumapili mwanangu anakuja, ametuma ujumbe wa maneno mawili tu, "Nakuja mama." Najua ataniuliza tena lile swali, na safari hii atakuwa ananiangalia usoni.