Barua Niliyoichomoa

Nilipaswa kukataa siku ile bosi aliponifuata masijala na kuniambia nichomoe barua moja kwenye faili la malisho. Barua ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, aliyeanza kazi kama mpiga chapa akapanda hadi kuwa msaidizi wa bosi huyo. Alikuwa amepinga kwa maandishi wafugaji kunyang'anywa malisho yao.

"Mzee, umebakiza mwaka mmoja ustaafu," bosi aliniambia. "Usijitafutie makubwa."

Nikaichomoa. Kisha nikakwangua kwa wembe namba za kurasa zilizofuata, nikaziandika upya kwa wino mwekundu uleule wa masijala ili pengo lisionekane.

Wafugaji walipolalamika, bosi alidai kuwa mdogo wangu ndiye aliyemshauri ayachukue malisho. Kamati ya uchunguzi ikaja. Mdogo wangu hakuwa na wasiwasi; alisema barua yake ya kupinga imo failini.

"Muulizeni kaka," aliwaambia akicheka. "Huyu hata sukari ya ofisi hawezi kuichota."

Wakahesabu kurasa, zikatimia. Nami nikasema sijawahi kuiona barua hiyo. Akafukuzwa kazi.

Miaka yote ile, pamoja na cheo chake, kila asubuhi alipitia kwanza masijala. "Shikamoo kaka." Nilipoinuka kumpa heshima ya kazi, alinitania: "Keti bwana, utanitia laana."

Sasa anaishi mtaa wetu wa Chemchem, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na akiniona hubadili njia. Mimi nilistaafu salama. Wazazi wetu wamekufa, na tulizaliwa wawili tu. Woga wangu ulimnyima yeye kazi, na mimi ukaninyima ndugu pekee niliyekuwa naye.