Mgonjwa Tuliyempeleka Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa sababu moja tu: bila Kabambare nisingemaliza chuo. Nasomea matumizi ya kompyuta katika kazi za afya, na mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hupewa kituo cha afya ambacho bado kinaandika wagonjwa kwa kalamu; changu kilikuwa cha Kabambare. Unapeleka kompyuta, unawafundisha wauguzi, na ripoti ya kwanza inamfikia mwalimu kabla ya Ijumaa jioni. Isipofika, unarudia mwaka. Mama yangu amewaambia majirani kwamba nasomea udaktari wa kompyuta, na mmoja ameshaniletea redio yake niipime homa.

Jumatano asubuhi, Kasongo. Salumu, mwenye pikipiki, ndiye aliyepanga mzigo. Skrini aliifunga pembeni. Sanduku la kompyuta, refu na zito, alilisimamisha katikati, kati ya mgongo wake na kifua changu, tukalifunika kwa blanketi la bibi yangu lisiingie vumbi. Juu yake nikaweka mfuko wa nyaya, na mfuko nao nikaufunga kitenge. Kisha nikapanda nyuma na kulikumbatia lisianguke. Msomaji wa kwetu ameshaelewa tulichofanya. Hivyo ndivyo tunavyosafirisha wagonjwa: mgonjwa katikati, ndugu nyuma anamshikilia.

Nje ya mji, mzee mmoja alituvulia kofia. Nikadhani ananifahamu. Tulipofika kwenye daraja la magogo tukakuta foleni ya wafanyabiashara wa Salamabila na pikipiki zao zilizojaa mizigo hadi juu, na wote wakasogea pembeni tupite. Wakamwonya Salumu aende polepole, bibi asitikiswe. Salumu akawashukuru bila kugeuka. Nilicheka mpaka machozi, huku nikiona kwamba kompyuta ina heshima kuliko mimi.

Mchana, Lusangi. Salumu alisimama kukaza mnyororo, nami nikabaki nimekaa, nimekumbatia. Mama Sofia, anayeuza uji kando ya barabara, akaja na kikombe kimejaa.

"Huyu mama anaumwa tangu lini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, hii si mutu. Ni kompyuta."

Akanishika bega. "Pole, mwanangu. Wasiwasi inakuchanganya kichwa. Alikula?"

Nilimjibu kwamba haili chochote. Kabla sijamaliza kueleza, alikuwa ameinua ukingo wa kitenge na kumimina kikombe kizima. Uji ukapita kwenye nyaya, ukatafuta njia ya kushuka chini. Mama Sofia aliridhika sana kuona jinsi mgonjwa alivyokunywa bila kusita, akatuombea safari njema.

Jioni, Kabambare. Papa Useni, muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa ameambiwa kwamba inakuja mashine, lakini alipotuona tu akaita watu walete machela. Nilifunua blanketi, nikaunganisha nyaya, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, na tone la uji likadondoka mezani. Hapo nililia, tena kwa sauti, maana niliuona mwaka mzima ukijirudia mbele yangu.

Papa Useni aliinama, akachungulia. "Ilikula nini?"

"Uji."

"Ya sukari?"

"Ya sukari."

Akatikisa kichwa kama aliyeletewa mgonjwa akiwa amechelewa.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilifungua sanduku, nikasafisha kila kipande kwa spiriti ya kituo na mswaki wa Papa Useni, ambao hajaudai mpaka leo. Lakini hapakuwa na jua la kukaushia. Palikuwa na mahali pamoja tu pakavu: chumba chenye joto cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Basi kompyuta ikalala huko, kati ya kina mama waliowabeba watoto wao kifuani. Mmoja wao, Furaha, alinikaripia kwa kuliacha sanduku wazi.

"Muifunike," alisema. "Itasikia baridi."

Ijumaa mchana nilibonyeza huku nimefumba macho. Ikanguruma. Ilipopata moto ilitoa harufu ya uji ulioungua, na chumba kizima kikauliza nani anapika. Papa Useni akaandika kwa kidole kimoja, na jina la kwanza aliloingiza lilikuwa la mtoto wa Furaha, aliyelala chumba kimoja na mashine. Kabla ya jua kuzama ripoti ikaondoka kwa intaneti ya simu yangu, na mwalimu akajibu kwamba imefika. Nilimkumbatia Papa Useni, ambaye hakuzoea mambo hayo.

Baada ya kuwafundisha wauguzi wote, nikaanza kurudi na Salumu. Kufika Lusangi, Mama Sofia aliona blanketi limekunjwa juu ya kiti cha pikipiki, pale alipokuwa amekaa mgonjwa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Wanawake wakaacha biashara zao, wakaja wakilia. Mkeka ukatandikwa. Salumu, sijui kwa nini, akavua kofia naye.

"Alikufia wapi?" Mama Sofia aliuliza.

"Hakufa, mama. Ameanza kazi."

Wakanitazama kwa huruma zaidi. Ikabidi nitoe simu na kuwaonyesha picha: Papa Useni na kompyuta, mezani. Mama Sofia aliisogeza simu karibu na macho.

"Basi ni hii nililisha uji."

"Ndiyo, mama."

"Na ilipona?"

"Ilipona."

"Sasa munalia nini?" aliwauliza wenzake. "Uji yangu ni dawa."

Mwezi uliofuata nilisimama mbele ya walimu kutetea kazi yangu. Waliniuliza nimejifunza nini kuhusu kusafirisha vifaa vya afya. Niliwaambia kwamba chuoni tulifundishwa habari za vumbi, mvua na mitikisiko, na hatukufundishwa habari za watu wema. Mmoja akataka kujua safari ijayo nitabadilisha nini.

"Kompyuta nitaifunga nyuma," nilimjibu. "Katikati nitakaa mimi, uji ninywe mimi."